Mchanga, Kutu na Pumzi ya Mtu

Marehemu baba yangu aliniachia Land Rover kuukuu. Mabati yake mengi ni ya aluminiamu, hayali kutu kama chuma. Lakini fremu, ukuta ulio mbele ya dereva na rimu zake ni chuma, na upepo wa bahari hapa Mombasa ulikuwa umevitafuna. Basi niliazimia kuvisafisha kwa mkono wangu mwenyewe, katika banda lililo nyuma ya nyumba.

Brashi ya waya husafisha juu tu. Kutu iliyojificha katika vishimo hubaki, na rangi ikipakwa juu yake haikawii kubanduka. Dawa yake ni kukipiga chuma kwa punje ngumu zirushwazo na hewa ya kompresa. Nikaazima kompresa, nikanunua mchanga wa mto wa waashi kwa kuwa ni rahisi, nikajifunga kitambaa puani, nikafunga na mlango ili vumbi lisiwaudhi majirani. Rimu ya kwanza iling'aa kama shilingi mpya, nami nikajiona fundi.

Jioni mwanangu aliniletea chai, akasimama katika vumbi lile akistaajabu. Nyuma yake alikuja mzee jirani yetu, aliyevunja mawe miaka mingi, ambaye sasa hapandi ngazi za msikiti ila kwa kupumzika mara mbili. Alimshika mtoto mkono akamtoa nje, kisha akaniambia, "Mwanangu, gari litapata rangi mpya, hayo mapafu utayanunua duka gani?"

Nilinyamaza kwa haya. Mchanga huo una silika, nao ukipasuka juu ya chuma hutoa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo hupenya kitambaa, huingia mapafuni na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Uingereza ilitunga kanuni mwaka 1949 za kukataza mchanga kama huo katika kazi hiyo viwandani.

Asubuhi nilikuta rimu yangu imegeuka rangi ya kahawia. Chuma kitupu hakingoji. Unyevu wa usiku mmoja ulitosha.

Sasa hutumia punje za ganeti ndani ya sanduku lililozibwa, lenye kioo cha kutazamia na glavu za kuingizia mikono, na barakoa yenye vichujio vya vumbi jembamba. Watoto hawakaribii. Sifagii vumbi kabla ya kulilowesha. Na chuma kikiisha kusafishwa sikigusi kwa vidole vitupu, bali hukipaka rangi ya kwanza kabla jua halijatua.

Ndugu wasomaji, Land Rover ile inatembea, na watu huisifu. Lakini kila nimwonapo mzee yule amesimama katikati ya ngazi akitafuta pumzi, hukumbuka kwamba nilitaka kuokoa shilingi chache, nikawa karibu kuzilipa kwa kifua cha mwanangu.