Kesho Nije?

Kila jioni, dagaa wakishakauka na kufungwa kwenye magunia, mama mmoja aliyetusaidia kazi ya kuanika alikung'uta mchanga kwenye khanga yake, akatugeukia na kuuliza: "Mwalimu, kesho nije?" Nasi tulikuwa na jibu moja tu: "Tutaona, mama." Hatukuwa na nia mbaya. Ziwa halitabiriki, na usiku mwingine mitumbwi hurudi mitupu. Ilituchukua karibu miaka mitatu kulisikia swali lile.

Sisi ni mke na mume, wakazi wa Nansio katika kisiwa cha Ukerewe. Mmoja wetu ni mwalimu wa shule ya binafsi, mwenzake ni mvuvi wa dagaa. Tunaandika kwa sauti moja kwa sababu kosa tutakalolieleza tulilifanya pamoja, na funzo tulilipata pamoja.

Tuanze na shule. Mkataba wa mwalimu wetu ni wa mwaka mmoja mmoja. Unaanza Januari na kuisha tarehe 31 Desemba. Hatulalamikii mwaka, hata mkulima wa mihogo anaujua msimu wake. Taabu ilikuwa pale katikati. Shule ikifungwa, hakuna aliyesema kama mkataba utahuishwa. Sikukuu ya Noeli tuliisherehekea tukiwa hatujui kama kuna kazi. Mwaka mpya ukaingia, sare za watoto zikanunuliwa kwa mkopo wa kikundi, na jibu bado. Mara nyingine barua ilifika siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Mara nyingine mwalimu alifundisha wiki nzima kabla ya kutia saini.

Watu hudhani anayefanya kazi kwa mkataba mfupi hupungukiwa fedha tu. Sisi tuliona kitu kingine kikipungua. Mwaka wa kwanza mwalimu alianzisha bustani ya mchicha na wanafunzi wa darasa la tano, akanunua karatasi za manila kwa fedha zake akachora ramani ya ziwa na visiwa vyake. Mwaka wa pili hakununua manila. Mwaka wa tatu, mwanafunzi mmoja alipouliza bustani italimwa lini, akajibiwa kwamba hilo ni la mwalimu atakayekuja. Mwalimu mwenyewe alishtuka kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake. Vipindi vyote alifundisha, madaftari yote alisahihisha, lakini moyo ulikuwa umejipima kwa urefu wa mkataba. Nani apande mti asioweza kuahidiwa hata kivuli chake?

Mwaka mmoja hofu ile iliingia mpaka ndani ya nyumba. Tulikuwa tunamtarajia mtoto wetu wa pili. Sheria ya nchi inampa mama mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, nasi tulilijua hilo. Lakini barua ya mwaka mpya ilikuwa haijatoka, na tuliogopa kwamba ujauzito ungekuwa sababu isiyotajwa ya kuachwa. Basi tukauficha. Hatukuwaambia wazazi, hatukuwaambia wanajumuiya waliokuwa wakituombea. Zawadi ya Mungu tuliifunika kwa gauni pana mpaka saini ikauke. Mtoto alizaliwa salama, tunamshukuru Mungu, ila furaha ya miezi ile hatukuirudishiwa na mtu yeyote.

Sasa tuje ziwani. Kwa hesabu ya kawaida, mvuvi wetu ndiye aliyestahili kunung'unika zaidi. Yeye hana mkataba wa mwaka wala wa mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi taa za betri na za sola. Mwanga huwavuta dagaa wakaja juu. Mbalamwezi ikitanda, taa haina nguvu tena, mitumbwi huvutwa ufukweni na watu hushona nyavu wakisubiri giza lingine. Mapato hutolewa gharama kwanza, kisha hugawanywa kati ya mwenye mtumbwi na wavuvi. Asipopata, hapati. Kila mwezi kazi yake inaisha.

Hata hivyo alikuwa akirudi alfajiri akiimba. Tulijadiliana sana jambo hili. Mwenye karatasi yenye mhuri alikuwa na huzuni, asiye na karatasi alikuwa na amani, kwa nini? Mwanzoni tulisema ni tabia ya mtu. Baadaye tukaona si tabia. Mvuvi anajua lini kazi yake itasimama. Anatazama juu, anauona mwezi ukikua, anahesabu usiku uliobaki, anajipanga: deni hili nilipe sasa, lile lisubiri. Kazi yake ni ya muda, lakini haimfichi kitu. Kazi ya mwalimu nayo ni ya muda, ila mwezi wake ulikuwa umefungiwa kwenye droo ya mtu mwingine.

Tunasema hivi bila kuusifu umaskini. Mvuvi akiugua, hana likizo. Akizeeka, hana pensheni. Na ziwa limekwisha kuchukua ndugu zetu wengi. Kazi ya kudumu ni jambo jema, na anayeitafuta hakosi imani. Kusema "mshukuru Mungu kwa hicho ulichonacho" mbele ya mtu anayenyimwa haki yake si mahubiri, ni kumziba mdomo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, yenyewe inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya kazi yake, yakiwamo muda wa mkataba na malipo. Tena sheria hiyo inatambua kwamba mfanyakazi wa mkataba wa muda maalumu aliyekuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuendelea, akinyimwa tu, huhesabiwa kuwa ameachishwa kazi. Kumbe hata watunga sheria waliona kwamba ukimya nao ni tendo.

Jioni tunayoikumbuka ilikuwa ya Desemba. Mwalimu alikuwa ametoka shuleni kuuliza habari ya mwaka unaofuata. Alisimama mlangoni mwa ofisi, akapewa jibu bila mtu kuinua macho kutoka kwenye karatasi: "Tutaona, mwalimu." Akateremka mpaka mwaloni, tulipokuwa tukikusanya dagaa kabla ya umande. Hakusema kitu. Magunia yakafungwa. Mama yule akakung'uta khanga yake, akageuka.

"Mwalimu, kesho nije?"

Tukatazamana. Safari hii hakuna kati yetu aliyeweza kusema "tutaona".

Usiku ule mvuvi hakwenda ziwani, mwezi ulikuwa mkubwa. Tulikaa nje tukahesabu. Karibu miaka mitatu mama yule alikuwa akiamka kabla ya jua, akitembea kutoka kwake bila kujua kama atapata kazi. Mara ngapi alikuta hakuna dagaa, akarudi mikono mitupu, kwa sababu hatukumtumia hata mtoto kumwambia? Mara ngapi tulimlipa baada ya wafanyabiashara kuuza magunia yetu Mwaloni Kirumba, kule Mwanza, na si siku aliyofanya kazi? Tulikuwa tumemlilia Mungu kwa sababu ya mwajiri wetu, na huku kuna mtu aliyekuwa na haki ya kumlilia Mungu kwa sababu yetu. Yakobo anaandika kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana (Yakobo 5:4). Hatukuwa tumewahi kufikiri kwamba mstari huo unaweza kuhusu ndoo za dagaa.

Kisha tukasoma upya mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu (Mathayo 20:1–16). Wengi hubishana juu ya dinari. Sisi tuliona mambo mengine. Wote mle ni vibarua wa siku moja. Hakuna mwenye ajira ya kudumu. Lakini mwenye shamba anatoka mwenyewe kwenda sokoni, tena zaidi ya mara moja. Anawauliza waliosimama bure kwa nini wamesimama. Wa kwanza anapatana nao ujira kabla jembe halijainuliwa. Na jioni inapofika, wanalipwa jioni hiyo hiyo, kama Torati ilivyoagiza kwamba jua lisichwe juu ya ujira wa maskini (Kumbukumbu la Torati 24:14–15). Bwana huyu hakuwafanya vibarua wake kuwa wa kudumu. Aliwafanya wajue wamesimama wapi.

Hatukuwa na uwezo wa kumpa mama yule ajira ya mwezi, wala hatuna leo. Tulichoweza ni kuacha kunyamaza. Sasa giza linapoanza tunakaa naye tunakubaliana: kila ndoo ya kuanika ni kiasi gani, tunatazamia kuacha siku gani mwezi utakapokuwa mkubwa, na mitumbwi ikirudi mitupu atapelekewa habari kabla hajatoka kwake. Malipo ni jioni ile ile, tumeuza au hatujauza. Kwa ajili hiyo tulilazimika kuweka akiba kidogo pembeni, na mwezi wa kwanza ilituuma.

Shuleni nako mwalimu aliandika barua ya heshima, akaomba walimu wote wa mkataba wajulishwe kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Mwaka huu bado hatujajibiwa. Tunaendelea kuomba, na tunaendelea kuuliza. Lakini bustani ya mchicha imelimwa tena. Wanafunzi watakula, awepo mwalimu huyu au mwingine.

Ndugu msomaji, huenda wewe pia unasubiri barua kutoka ofisi ya mtu. Tunakuombea ifike mapema. Ila ukiwa unasubiri, tazama nyuma yako. Kuna binti jikoni, kuna kijana anayekubebea mizigo, kuna fundi uliyemwambia arudi wiki ijayo. Huenda kati yao kuna anayeondoka mlangoni pako kila jioni na swali lile lile.

Mama yetu haulizi tena. Wiki iliyopita, akikung'uta khanga yake, alitugeukia kama zamani, tukadhani amesahau makubaliano. Akasema, "Mwalimu, kesho sitakuja. Mjukuu wangu anabatizwa."

Hakuomba ruhusa kwa woga, wala hakuapa kwamba keshokutwa atarudi. Alijua nafasi yake ipo. Tukamwambia, "Hongera, mama. Tusalimie mtoto."