Akipigwa wa Kwanza, wa Pili Yuko Wapi?

Huenda mna vijana mjini wanaokaa usiku mbele ya kompyuta, wamevaa visikilizio masikioni, wakisema peke yao kama wenye wazimu. Hawana wazimu. Wanasema na wenzao walio mbali, kwa njia ya intaneti. Mimi nacheza mchezo huo pamoja na wapwa zangu wawili, nami napenda kuwaeleza ulivyo, maana ni vigumu kumwongoza kijana katika jambo usilolijua.

Mchezo wenyewe huitwa Counter-Strike. Ulianzishwa mwaka 1999 na Minh Le na Jess Cliffe, na toleo la mwaka 2023 huitwa Counter-Strike 2. Kila upande una watu watano. Washambuliaji hutaka kutega bomu katika mojawapo ya mahali pawili, walinzi huwazuia. Baada ya raundi 12 hubadilishana kazi, na wa kwanza kupata raundi 13 ndio washindi. Aliyeuawa hana budi kungoja raundi nyingine.

Tuanze na kushambulia. Anayetangulia kuingia mlangoni yumo hatarini kuliko wote. Basi wa pili amfuate karibu, ili mwenzake akipigwa, naye ampige yule adui papo hapo. Akiwa mbali, wote wawili watakufa bure, mmoja mmoja. Wengine hutupa bomu la moshi kumziba macho mlinzi wa mbali, na bomu la mwanga kumpofusha aliye karibu. Mwanga hutangulia, ndipo mtu huingia. Usipoagana na mwenzako, utampofusha yeye.

Katika kulinda, mara nyingi wawili hukaa huku, wawili kule, na mmoja katikati. Wawili wasijibanze pembe moja. Wakae mbalimbali, ili adui akimgeukia mmoja, ampe mwingine ubavu. Anayewaona maadui kwanza aseme upesi: wangapi, na wapi. Bomu likitegwa, zimebaki sekunde 40. Kulitegua huchukua sekunde 10, au 5 kwa mwenye vifaa. Hapo wengi hukimbilia mmoja mmoja, wakaisha. Heri kungojana kidogo na kuingia pamoja. Mmoja ategue, wengine wamkinge.

Tena kuna fedha za mchezo, za kununulia bunduki. Kikosi kikiishiwa, wote huweka akiba raundi moja, ili raundi ijayo wote wanunue. Hapo ndipo tabia ya mtu hujulikana.

Mpwa wangu mdogo ana shabaha kutupita sote. Lakini wenzake wakiweka akiba, yeye hujinunulia bunduki ya thamani na kwenda mbele peke yake. Akiuawa, huwalaumu. Mwisho wenzetu wawili wakakataa kucheza naye, na kaka yake akawa hasemi naye hata wakati wa chakula. Sikumfokea. Nilimwomba jioni moja tu awe wa pili: amfuate kaka yake, na fedha zikizidi amnunulie asiye nacho.

Jioni ile tulishindwa, 13 kwa 11. Lakini katikati ya mchezo kaka yake aliishiwa kabisa. Yule mdogo akanunua bunduki, akaiweka miguuni pake, akasema, "Chukua, kaka. Mimi niko nyuma yako." Kaka akajibu, "Asante, mdogo wangu." Kwa muda wa miezi mingi hatukusikia neno hilo kati yao. Siku ya pili walikula sahani moja.

Sisemi kila mtoto acheze. Huu ni mchezo wa bunduki. Toleo lake la mwaka 2012 liliwekewa Marekani alama ya miaka 17 na zaidi, basi wadogo waachwe. Lakini kijana mkubwa akiucheza, wazazi, msiulize tu kama ameshinda. Mwulizeni, "Mwenzako alipopigwa, wewe ulikuwa wapi?" Jibu lake litawafundisha mengi.