Uchungu wa Baba

Mama alifariki mwaka 1991, na Baba akahamia kwangu, katika nyumba ya mwalimu mkuu. Kwake chakula hakikuwa na chumvi, wajukuu walipiga kelele mno, na wazee wa kanisa waliokuja kumfariji aliwauliza Mungu wao alikuwa wapi.

Chuo cha ualimu kilinifundisha kujibu maswali. Hakikunifundisha kunyamaza mbele ya mzazi. Jioni moja nilimsomea Zaburi ya 88, ambayo huishia gizani bila neno la faraja. Baba alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Huyu alifiwa." Tangu siku hiyo alikuwa akiniagiza niisome tena.

Hakurudi kanisani, wala chumvi haikutosha hata mara moja. Lakini Naomi alipowaambia wanawake wa Bethlehemu wamwite Mara, yaani uchungu, Ruthu hakumkosoa. Alikwenda shambani kuokota masuke ya shayiri ili mama mkwe wake apate kula. Ndugu msomaji, imani yangu miaka ile ilikuwa kumpelekea uji mtu ambaye angeulalamikia, na kumwomba Mungu nguvu ya kuupeleka tena kesho.