Maongozi na Makelele

Binti mmoja aliyekuwa akisomea ualimu wa Kiswahili alipopokea barua ya kumpeleka Rabai kwa mazoezi ya kufundisha, alidhani karani amekosea. Kwa mwaka mzima alikuwa ameomba apangiwe shule ya Nairobi, na hakuomba bila sababu. Katika kesha moja la ushirika wa wanafunzi Wakristo, mhubiri mgeni alikuwa amemwekea mkono kichwani na kutangaza kwamba Mungu amemfungulia mlango ng'ambo, na kwamba atavuka bahari kabla mwaka haujaisha. Wenzake walipiga vigelegele. Tangu usiku huo akawa mtu wa kungoja. Alituma maombi ya ufadhili wa masomo katika vyuo vinne vya Ulaya na Marekani, na kila rununu yake ilipolia moyo ulimruka. Sasa alikuwa akiambiwa ashukie Mazeras, apande matatu nyingine hadi kwenye vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, akafundishe ngeli za nomino.

Waumini wengi wataitambua hali hii. Si kwamba Mungu amenyamaza, bali wanaodai kusema kwa niaba yake wamekuwa wengi kupita kiasi. Alfajiri husikika kipaza sauti cha kanisa la mtaani. Mchana mhubiri hupanda matatu, akahubiri vituo viwili, akapitisha bahasha na kushuka. Usiku ni zamu ya redio, na baina ya hayo zipo arafa zinazoahidi kwamba atakayezisambaza kwa watu kumi atabarikiwa ilhali atakayezifuta atajuta. Binti huyu hakupungukiwa na sauti. Alipungukiwa na namna ya kuzipambanua, na baya zaidi ni kwamba sauti aliyoipenda kuliko zote, ile ya matamanio yake mwenyewe, ilikuwa imekwisha kuvishwa joho la utabiri.

Yafaa hapa kukumbuka kwamba Kiswahili hutofautisha kusikia na kusikiliza. Kusikia ni jambo linalolipata sikio, litake lisitake. Katika kusikiliza, kinachoongezwa na mnyambuliko ni kusudi la mtendaji. Samweli, katika kisa kinachojulikana sana cha Agano la Kale, alisikia mara tatu akiitwa usiku, na mara zote tatu akamkimbilia mzee Eli akidhani ndiye aliyemwita. Alikuwa na masikio mazima na moyo wa utiifu, lakini bado alikosea. Aliyemfahamisha sauti ile ni ya nani ni Eli, mzee ambaye macho yalikuwa yamefifia na ambaye ujumbe wenyewe haukumpendelea. Jambo hili aghalabu husahauliwa katika mahubiri: mwitwaji hakuitambua sauti peke yake.

Huko Rabai, karibu na kanisa kuukuu la Mtakatifu Paulo lililojengwa mwaka wa 1887, pana jumba dogo la makumbusho ya Johann Ludwig Krapf. Binti aliingia humo Jumamosi moja kwa kukosa shughuli. Jina la Krapf alilijua kama wanafunzi wote wa Kiswahili wanavyolijua, yaani kama jibu la swali la mtihani: Mjerumani aliyechapisha sarufi ya Kiswahili mwaka wa 1850. Asilolijua ni kwamba mtu huyo hakuja pwani kwa ajili ya Kiswahili wala kwa ajili ya Waswahili.

Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 karibu na Tübingen, akatumwa Ethiopia na chama cha kimisionari cha Kanisa la Kianglikana. Huko aliamini kwamba Mungu amemwita awaendee Waoromo, na kwamba wao wakiongoka, sehemu kubwa ya Afrika itaongoka nyuma yao. Njia ya Ethiopia ilipofungwa hakuubadilisha mwito wake, alibadilisha njia tu. Angewafikia kutoka kusini. Mombasa, alikofika mwaka wa 1844, ilikuwa kwake kituo cha kupitia, na Kiswahili kilikuwa ngazi ya kupandia kwenda kwingine. Mwezi wa Juni mwaka huo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na sheikh mwenye asili ya Barawa aliyekuwa mwalimu wake wa lugha. (Si haba kutafakari kwamba hatua za mwanzo za Biblia katika Kiswahili zilipitia kinywa cha Mwislamu, tena katika lugha iliyokuwa na tenzi na hati zake kwa herufi za Kiarabu kabla Krapf hajazaliwa.)

Mwezi mmoja baadaye, Julai 1844, mkewe Rosina alijifungua mtoto wa kike. Homa ikawashika wote. Rosina akafariki, na baada ya siku chache kichanga kikamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Mkewe alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kisha mjane yule akawaandikia wakuu wake barua ambayo imenukuliwa mara nyingi mno katika historia za kanisa: kaburi hilo la upweke, alisema, lilikuwa ishara kwamba kazi ya kuifikia Afrika ya Mashariki imekwisha kuanza.

Mbele ya maneno hayo binti alisimama kitambo. Msomaji yeyote mwaminifu hana budi kusimama hapo, kwa maana kaburi lilelile lingeweza kusomwa kinyume. Mwanamume mwingine, mcha Mungu vilevile, angaliona katika vifo viwili ndani ya wiki moja amri ya kufunga virago. Wala asingaliambiwa kwamba hana imani. Ishara haikujieleza. Krapf aliisoma kwa macho ya mtu ambaye tayari alikuwa ameamua kubaki, na hapa pana swali gumu ambalo masimulizi ya kishujaa hulikwepa: je, alimsikiliza Mungu au aliusikiliza ukaidi wake? Huenda yeye mwenyewe hakuweza kuyatenganisha.

Yaliyofuata hayasaidii sana kulijibu. Mwaka wa 1846 akaja Johannes Rebmann, na pamoja wakaanzisha kituo cha Rabai huku wote wawili wakitetemeka kwa homa. Krapf aliota mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Alikwenda Usambara na Ukambani, na mnamo Desemba 1849 akauona Mlima Kenya kutoka Kitui. Aliporudi Ukambani mwaka wa 1851, mwenyeji wake Kivoi aliuawa katika shambulio njiani. Krapf akabaki peke yake nyikani, akichota maji kwa mitutu ya bunduki yake. Mnyororo haukufungwa. Waoromo hakuwapata. Mwaka wa 1853 afya yake ilimlazimisha kuondoka. Kilichodumu ni ile ngazi: sarufi, tafsiri, na kamusi iliyotoka mwaka wa 1882 ilhali mwenyewe alikwisha kufariki mwaka uliotangulia. Na hata ngazi hiyo haikupewa taji. Kamusi ilijengwa zaidi juu ya Kimvita, na mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Rebmann naye alibaki Rabai, akikusanya maneno, akiwa na waumini wa kuhesabika kwa vidole, hadi alipoondoka mwaka wa 1875 akiwa kipofu. Yake ni hadithi fupi, na pengine ndiyo sababu haihubiriwi.

Jioni ile barua pepe ikaja. Chuo kimoja cha Uingereza kilikuwa kimemkubali binti, lakini ufadhili ulitosha nusu tu ya karo. Nusu iliyosalia ingetoka wapi kama si katika kipande cha shamba alichoachiwa mama na marehemu baba? Wenzake wa ushirika, alipowaarifu, hawakuwa na shaka. Unabii umetimia, walisema, na Shetani ndiye anayewafanya watu wahesabu gharama. Akampigia mama simu.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mwanangu, huyo mtumishi aliyekuona ukivuka bahari, alituona na sisi tunakobaki?"

"Mama, hakusema."

"Basi mimi siwezi kumsemea. Shamba ni langu, na ukiniambia niuze nitauza. Ila usiniambie Mungu ndiye aliyesema niuze. Niambie ni wewe unayetaka, nami nitajua najibu nani."

Usiku huo binti hakulala. Kwa mara ya kwanza tangu kesha lile alijaribu kuomba bila kutaja ng'ambo, na akagundua kwamba maneno hayaji. Asiseme mtu kwamba alipata amani. Alichopata ni aibu ya kutambua kwamba kwa miezi minane sala zake zote zilikuwa zikimwambia Mungu aliyokwisha kuyaamua. Asubuhi alikiandikia chuo akiomba nafasi yake iahirishwe mwaka mmoja, bila kujua kama ombi hilo lingekubaliwa. Mama hakuambiwa auze.

Jumatatu alirudi darasani na insha arobaini na tatu za kidato cha pili. Katika moja, mwanafunzi alikuwa ameandika neno ambalo binti hakulijua, akalizungushia wino mwekundu na kutia alama ya kuuliza. Mwanafunzi akamwambia kwamba hilo si kosa, ni neno la Kirabai, na nyanya yake hulitumia kila siku. Binti akauliza maana yake. Mwanafunzi akasita, akasema haliwezi kuelezwa vizuri mpaka nyanya mwenyewe asikilizwe. Wakakubaliana kwenda kumwona Alhamisi, baada ya vipindi, na binti akanunua daftari jipya dukani.