Magaluf: Ufuko Wenye Sura Mbili

“Mama, tukimaliza mtihani tutakwenda Magaluf, vijana sita.” Kifungua mimba wetu alitoa habari hiyo mezani huku akijiongezea wali. Alikuwa ametimiza miaka 18. Sisi wazazi tulitazamana. Tunaishi Uingereza kwa sababu ya kazi ya uuguzi, na jina hilo tulikwisha kulisikia wodini, kwa vijana waliorudi huko na mifupa iliyovunjika.

Hatukumkatalia papo hapo. Tuliomba likizo ya siku nne, tukaenda kujionea wenyewe.

Ndege huchukua kama saa mbili na nusu hadi Palma, mji mkuu wa kisiwa cha Mallorca, Hispania. Kutoka hapo basi hufuata pwani hadi Magaluf. Zamani safari za namna hii zilikuwa za matajiri. Mwaka 1950 Vladimir Raitz alipeleka kundi la Waingereza Calvi, katika kisiwa cha Corsica, kwa bei moja iliyojumlisha ndege, malazi na chakula. Wengine wakaiga, na hoteli zikaota kama uyoga katika pwani za Mediteranea.

Mchana tulijicheka kwa hofu yetu. Mchanga ni mweupe, maji ni maangavu, na mbele ya ufuko kuna kisiwa kidogo kiitwacho Sa Porrassa. Wazee walicheza karata kivulini, watoto walijenga nyumba za mchanga. Kilichotusumbua ni migongo ya wageni, myekundu kama kamba waliochemshwa. Laiti wangejipaka mafuta ya kukinga jua na kunywa maji ya kutosha!

Usiku tuliiona sura ya pili. Katika mtaa wa Punta Ballena kila mlango ulikuwa na muziki wake. Vijana walipita wakiimba, viatu mkononi. Kando ya njia tulimkuta binti mmoja amelala chali, peke yake, akianza kutapika. Tulimgeuza ubavu, tukamfunika kwa kanga yetu, tukamwuliza jina la hoteli yake. Hakulikumbuka. Tulikaa naye karibu saa nzima mpaka wenzake walipomtafuta. Binti yule ana mama mahali fulani, na usiku ule mama huyo alikuwa amelala bila habari.

Asubuhi tulizungumza na mwanamke aliyesafisha chumba chetu. Alikuwa amefika kwetu kutoka chumba kilichojaa matapishi. “Nami nina mtoto wa umri huo,” alisema, akashika kiuno. Kazi yake ni nzito kweli. Ndiyo maana mwaka 2022 sheria ya visiwa hivyo iliagiza hoteli ziweke vitanda vinavyoinuliwa kwa mashine, ili wasafishaji wapunguziwe kuinama. Akina mama, tunapomlea kijana tunamlea pia kwa ajili ya yule atakayefagia nyuma yake.

Wenyeji hawakukaa kimya. Mwaka 2020 serikali ya visiwa hivyo iliamua kwamba katika maeneo kama Magaluf, mgeni aliyelipia kila kitu hotelini asipewe vinywaji vya pombe zaidi ya sita kwa siku, vitatu mchana na vitatu jioni. Maduka yalikatazwa kuuza pombe kuanzia saa 3:30 usiku hadi saa 2:00 asubuhi. Mwaka 2024 iliongezwa faini kwa wanaokunywa barabarani.

Hofu kubwa kuliko zote ni roshani za hoteli. Wapo wanaoruka kutoka juu wakilenga bwawa la kuogelea, na wapo wanaojaribu kuvuka kutoka roshani moja hadi nyingine. Mwaka 2017 madaktari wa Palma walichapisha habari za majeruhi wa namna hiyo: karibu wote walikuwa wanaume, karibu wote walikuwa wamekunywa, na wastani wa umri wao ulikuwa kama miaka 24.

Tuliporudi tulimketisha kijana wetu, tukamweleza tuliyoyaona. Tukapatana naye hivi:

Achukue chumba cha ghorofa ya chini, na roshani isiwe njia ya kupita.

Aandike jina la hoteli kwenye karatasi na kuiweka mfukoni.

Wasiachane usiku.

Aliyelewa alazwe ubavu, asiachwe peke yake. Asipoamka, wapige 112.

Abebe kadi ya matibabu na bima, akijua kwamba bima nyingi hazimlipi aliyeumia akiwa amelewa.

Msimamo wa nyumba yetu juu ya pombe aliujua. Tulimwongezea neno moja: “Likitokea lolote, hata kosa lako mwenyewe, tupigie. Hatutaanza na ugomvi.”

Usiku wa tatu, saa 9, simu ililia. Mwenzake mmoja alikuwa haamki. “Mama, nimemlaza ubavu na tumekwisha piga 112. Nifanye nini tena?” Tulimwelekeza aangalie anavyopumua, asimwache, asimpe kitu cha kunywa. Tulikaa naye kwenye simu mpaka gari la wagonjwa likafika. Mwenzake alipona.

Tukipiga magoti usiku ule tulishukuru kwa mambo mawili: uhai wa mtoto wa wenyewe, na kwamba wetu hakuogopa kutuamsha. Akina mama wenzetu, kukataza ni rahisi. Tumwekee mtoto mlango wa kurudia, na aujue kabla hajaondoka.