NAKSHI NA KIVULI: MATEMBEZI YETU IPAGALA

Ipagala ni kata iliyo mashariki ya katikati ya mji wa Dodoma. Tangu mwaka 1973, chama cha TANU kilipokata shauri kuhamishia Dodoma makao makuu ya serikali, nchi hii ya Wagogo imekuwa ikivikwa majengo mapya. Na mwaka 2018 Dodoma ikapewa daraja ya jiji. Atembeaye Ipagala leo huona bati juu ya bati, na jua la alasiri likipiga kuta za saruji bila ya huruma.

Tulikwenda huko kumzuru mzee mmoja sahibu yetu, ajengaye nyumba. Mwanawe husoma usanifu wa majengo, na baina yao palikuwa na shauri zito. Kijana alitaka ukuta wa baraza, uelekeao magharibi, ujengwe kwa matofali ya maua ya umbo alilolibuni kwa kompyuta. Mzee akasema, "Nimeuza ng'ombe akasome kujenga, naye aniletea michezo ya mistari. Maalim, tuamulieni."

Kijana akatuonyesha michoro yake. Haikuwa na sura ya mtu wala ya mnyama, bali nyota na mistari iliyojirudia hata jicho lisijue mwanzo wala mwisho. Tukamwuliza, "Umeitoa wapi?"

Akatwaa bikari, akachora duara. Kisha, bila ya kubadili upana wa bikari, akaupima ukingo mara 6, akarejea palepale alipoanzia. Akaziunga nukta zile, ikatoka nyota ya pembe 6. "Maalim," akasema, "kompyuta huirudia kanuni hii upesi, lakini haikuizua. Isfahan, katika jengo la Darb-i Imam la mwaka 1453, mna nakshi ambazo wataalamu Peter Lu na Paul Steinhardt walieleza mwaka 2007 kwamba zaweza kupangwa kwa maumbo 5 tu."

Tukamwuliza tena, "Na Wagogo je, hukujifunza kwao?" Akacheka, akatutajia tembe: kuta nene, paa tambarare la miti na udongo, na ua katikati. Udongo mnene hulichelewesha joto la mchana lisiingie ndani. Kwa hiyo matofali yake ameyafanya mazito, na matundu yake membamba yenye kina, ili upepo upite na jua la alasiri lizuiwe.

Hapo tukaona kwamba mchoro ule haukuwa mchezo. Lakini tulipouliza idadi ya kalibu zitakiwazo, akajibu, "7." Mzee akatutazama. Tukamwambia kijana, "Ikiwa jengo la Isfahan lilitoshwa na maumbo 5, baraza ya baba yako yataka 7 ya nini?" Akainama juu ya kompyuta yake hata karibu na adhuhuri, kisha akaja na umbo 1 tu, ambalo likigeuzwa huku na huku hutoa nakshi nzima. Mzee akalitazama sana, akasema, "Kalibu moja nitailipia."

Basi enyi wazazi, msiidharau elimu ya watoto wenu kwa kuwa imekuja na chombo kigeni. Waulizeni ina manufaa gani. Nanyi vijana, shikeni bikari kabla ya kompyuta, na mjue kwamba uzuri wa nyumba ni pamoja na kuusitiri mfuko wa mwenye kuijenga.