Mnasema Kanona, Kumbe ni Dawa!

Staa mmoja wa Bongo Movie kashambuliwa wiki nzima mitandaoni, eti "kanona kwa hela za mchumba". Kumbe dada wa watu ana lupus, anameza prednisolone, dawa inayojaza uso na kuleta njaa kali. Akipima sukari asubuhi iko 5.4, jioni 13! Dozi ya asubuhi huipandisha kuanzia mchana. Soda na juisi kaziaga, wali kapunguza. Kalsiamu na vitamini D kaandikiwa na daktari, za mifupa. Vile vidonge vya Insta vya kukata kitambi kavitupa.

Ila komenti zenu zilimuuma, akataka kuacha prednisolone ghafla sura irudi. Daktari akamkatalia: mwili umeshazoea kuletewa homoni, ukikatiwa ghafla unaweza kuzima. Dozi inashushwa kidogokidogo. Kwa sasa uso ndio huo, mtauzoea.